Tovuti ya Mashabiki Ifunguke Kwenye Kila Simu

(Mhadhara kwa vijana wa tehama, Mbeya)

Mugonile! Na mliotoka Iringa, kamwene. Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie tovuti za mashabiki wa mpira, na kwa kuwa tupo Mbeya, mfano wangu utakuwa Mbeya City. Ndugu zangu wa Tanzania Prisons mtanivumilia.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja, jiulize shabiki anaufungua ukurasa wako akiwa wapi. Mmoja yuko jukwaani Sokoine, jua linampiga usoni, kioo cha simu kina ufa. Wa pili yuko Kyela, hakupata nauli ya kuja, anataka kujua jambo moja tu: ngapi ngapi? Wa tatu yuko kwenye basi linaloshuka Kitonga, mtandao unakuja na kukata. Sisi tunatengeneza tukiwa mezani, skrini pana, intaneti ya kulipiwa na bosi. Ndiyo maana tovuti nyingi ninazoletewa nizikague zinapendeza kwenye projekta tu.

Msimamo wangu ni huu: matokeo yawe maandishi ya kawaida ndani ya HTML yenyewe, yaani lugha inayobeba maneno na mpangilio wa ukurasa. Mengine yote ni mapambo, yaje baadaye.

Sababu ni jinsi vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome, vilivyoundwa. Kivinjari kikikutana na tagi (alama) ya HTML kisiyoijua, kinaipita na kuonyesha maneno yaliyomo. Kikikutana na agizo la CSS, lugha ya kupamba ukurasa, kisilolielewa, kinaliruka na kuendelea na linalofuata. JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa utende na kujibadilisha, haina huruma hiyo. Ukiandika kwa mtindo mpya ambao kivinjari cha zamani hakiujui, faili zima linakataliwa. Sasa kama matokeo yanaletwa na JavaScript peke yake, shabiki wa Kyela ataona duara linazunguka mpaka bando liishe.

Na wapo wanaotumia Opera Mini kuokoa bando. Ikiwa kwenye hali yake ya kubana sana, ukurasa unapitia kwanza kwenye seva za Opera, unabanwa huko, ndipo unatumwa kwenye simu. Skripti zinafanya kazi kidogo hukohuko kwenye seva. Ukurasa ukishatua kwenye simu umeganda. Ile mbwembwe yako ya matokeo kujibadilisha kila baada ya nusu dakika, huyu haioni. Muwekee kiungo cha kawaida kilichoandikwa “Onyesha upya”. Kinatosha kabisa.

Kuna anayesema, “Mimi nimejaribu kwenye Chrome, imekubali.” Chrome ya wapi? Chrome ya Android inatumia injini (sehemu inayosoma msimbo na kuuchora ukurasa) iitwayo Blink. Chrome ya iPhone, kwa simu za huku kwetu, ndani yake ni WebKit ileile ya Safari, kwa sababu ya masharti ya Apple. Firefox ya Android ina Gecko. Kwa hiyo usihesabu majina ya vivinjari, hesabu injini. Wala usijaribu kukitambua kivinjari kwa jina kinalojitambulisha nalo: Chrome hujiita Mozilla, kisha ikajitaja na Safari humohumo! Ni historia ndefu ya vivinjari kuigana ili visinyimwe kurasa. Uliza kwa CSS, kwa agizo la @supports, kama kitu fulani kinawezekana, basi.

Tuje kwenye skrini. Tangu Ethan Marcotte aeleze mwaka 2010 namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga kulingana na upana wa skrini, hakuna sababu ya kuwa na tovuti mbili, ya simu na ya kompyuta. Lakini ukisahau tagi ya viewport, inayoiambia simu itumie upana wake halisi, juu ya ukurasa, simu inajifanya ina upana wa pikseli 980 hivi, kisha inaubana ukurasa wote uingie. Maandishi yanakuwa kama sisimizi.

Nionyeshe mfano mmoja kwa karibu: msimamo wa ligi. Una safu tisa: nafasi, timu, mechi, kushinda, sare, kufungwa, mabao, tofauti, pointi. Simu nyingi za Android zina upana wa pikseli 360 za CSS. Gawanya kwa tisa, kila safu inapata 40. “Tanzania Prisons” itaingiaje humo? Kinachotokea ni jedwali kusukuma ukurasa mzima pembeni, hata menyu inapotea. Dawa yangu: kwenye skrini nyembamba bakiza nafasi, timu, mechi, tofauti na pointi. Safu nyingine zijitokeze skrini ikipanuka. Wapo wanaoliweka jedwali kwenye boksi la kuteleza pembeni. Si vibaya, ila pointi ndizo zinafichika, na pointi ndizo anazozitafuta.

Rangi: zambarau ya City ni nzuri, lakini maandishi ya zambarau juu ya nyeusi hayasomeki juani. Mwongozo wa WCAG, wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Menyu inayofunguka kwa kupitisha kipanya juu yake, iondoe. Kidole hakipiti juu, kinabonyeza. Picha za mechi zitoe kwa ukubwa tofauti kupitia srcset, orodha ya picha ndani ya HTML, simu ijichagulie iliyo nyepesi.

Kijana wa nyuma kaniletea karatasi: “Kwa nini tusitengeneze programu ya kupakua?” Kwa sababu simu ya shabiki imeshajaa video za WhatsApp, mdogo wangu. Hatafuta video za harusi ya dada yake ili akuweke wewe. Ila kiungo kikidondoka kwenye kundi, anabonyeza, anaona mbili moja, anaanza kubishana. Haya, swali jingine, na mwenye kipaza sauti asogee huku mbele kwa akina mama.