Usinijibu "Chochote Tu"

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimeambiwa mnaondoka Jumamosi, watu 12, magari mawili: siku moja Ngorongoro, mbili Seronera, kule Serengeti. Kazi hii ya kuongoza watalii nimeifanya miaka 19. Vijana wetu hujiita "gaidi", kwa Kiingereza chetu cha Arusha. Mimi niliacha siku nilipojitambulisha hivyo kwenye simu, ndani ya daladala iliyojaa. (Kicheko.)

Nina ombi moja. Ijumaa jioni nitampigia kila mmoja kumuuliza anataka kuona nini. Naombeni asitokee mtu wa kunijibu "chochote tu, kaka".

Najua jibu hilo linatoka wapi. Tumelelewa kwamba mgeni hachagui chakula, unakula ulichoandaliwa na unashukuru. Mezani ni adabu. Ndani ya Landikruza ni hasara, kwa sababu ukinyamaza nitakisia, na nikikisia nitakupeleka kwa simba. Madereva wengi ndivyo tulivyo. Hakuna anayelalamika akionyeshwa simba.

Niliwahi kumbeba mwalimu mstaafu, mama mtulivu, kiti cha nyuma kabisa. Siku mbili hakusema neno zaidi ya "asante baba". Siku ya tatu, tunarudi zetu, akaniuliza taratibu: "Hivi huku mumbi hawapo?" Mumbi, wale ndege weusi wakubwa, koo jekundu, wanaotembea majanini kama wazee wanaokagua shamba. Babu yake alimwambia mumbi akilia mvua iko karibu, naye alikuwa amemsikia utotoni bila kumwona hata mara moja. Ndugu zangu, asubuhi ile ile tulikuwa tumewapita wanne, mita 20 kutoka barabarani. Nilikanyaga mafuta kwa sababu redio ya madereva ilisema kuna simba mbele. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Niliona mna shughuli ya simba, mwanangu." Kibali chetu cha hifadhi kilikuwa kinaelekea kuisha. Hatukurudi.

Kwa hiyo semeni, na semeni mapema, kabla njia haijapangwa. Kuna familia ilimleta mtoto kreta ya Ngorongoro kwa siku moja, na mtoto alichotaka ni twiga. Chini mle twiga hakuna! Sakafu ya kreta ina kama kilomita za mraba 260, simba wamo, nyati wamo, faru weusi wamo, lakini kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi na twiga hashuki miteremko ile. Wangeniambia jana yake, ningewapitisha Manyara. Kinyume chake pia kipo: ukitaka faru, kreta ni mahali pazuri, ila njoo na darubini na subira. Mara nyingi utaonyeshwa jiwe la kijivu huko mbali, uambiwe subiri, na baada ya nusu saa jiwe litatikisa sikio.

Nyumbu wakivuka Mto Mara siwaahidi. Huu ni mwezi wa sita, na kule ni kaskazini kabisa, Julai hadi Oktoba. Nyumbu wakizaa, ni Ndutu, upande wa kusini, mwezi wa pili. Hilo tuliache.

Sasa, mtu akisema "nataka chui" bado hajanimalizia. Chui wa picha na kuondoka, au chui wa kukaa naye? Pale Seronera, kwenye migunga ya kando ya mto, chui anaweza kulala juu ya tawi saa tatu nzima. Unachokiona ni mkia unaning'inia na mguu mmoja. Abiria watatu wameduwaa, watatu wanapiga miayo, na hapo ndipo redio inapolia kwamba kuna duma kwingine. Nani nimsikilize? Nikiwa nimeshajua, wa kukaa ninawaweka gari moja, wa kuzunguka gari jingine, na hakuna anayemnunia mwenzake hadi Jumatatu.

Niambieni pia msichokitaka. Kuna asiyeweza kuangalia ndama wa swala akiraruliwa, hiyo si aibu, nitageuza gari. Kuna mwenye mgongo mbaya, huyo akae mbele, si juu ya ekseli ya nyuma. Na kuchimba dawa, jamani, msingoje mpaka mmebanwa. Siwezi kusimama popote. Natafuta mahali peupe, nazunguka kichaka na gari kwanza, naangalia, ndipo nafungua mlango. Hilo linataka dakika kumi, na mtu aliyebanwa hana dakika kumi.

Kitu nitakachokataa ni kuacha barabara ili picha itoke vizuri. Pale Seronera sheria hairuhusu, na bakshishi haibadilishi.

Chakula cha kreta tutakula Ngoitokitok, kwenye lile ziwa la viboko. Kulieni ndani ya gari. Yule mwewe hakuulizi unapenda nini, anashuka kwa nyuma na paja la kuku linakwenda, umebaki na tishu mkononi.

Nimekuja na daftari, tusingoje Ijumaa. Dada wa kitenge cha bluu, tuanze na wewe. Unataka kuona nini? ... Pimbi? Mnamcheka nini? Pimbi, kamnyama kadogo kama sungura, ni ndugu wa tembo, wa karibu kabisa, muulizeni mtaalamu yeyote. Wapo Seronera, kwenye mawe ya kituo cha wageni, wanaota jua, wala hawaogopi mtu. Pimbi, nimeandika. Mzee wa kofia?