Bungua Hulala Wapi Kiangazi?

(Mhadhara kwa wakulima wa mahindi na kahawa, Kapchorwa, Uganda, mwezi wa Januari)

Wazee wetu, akina mama, vijana, shikamooni na hamjambo.

Nimekuja na bua moja. Nimeliokota asubuhi hii njiani, katika shamba lililovunwa zamani. Kwa kulitazama ni kuni tu. Sasa nalipasua kwa kisu. Sogeeni.

Mnamwona? Urefu wake haufikii kidole kidogo cha mkono, rangi ya maziwa, kichwa cha kahawia. Nikimgusa anajikunja polepole sana. Huyu ndiye bungua, kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi. Mwezi huu hali wala hakui. Analala, na anaweza kulala hivi miezi mingi, hadi sita na zaidi.

Ulaya na Marekani wadudu wengi hulala wakati wa baridi kali. Hujua baridi inakuja kwa sababu siku zinafupika. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wa Desemba na mchana wa Juni hautofautiani sana, kwa hiyo bungua wetu hawezi kutegemea jua limpe habari. Yeye anafuata mahindi yenyewe. Bua likikomaa na maji yakipungua ndani yake, anajua chakula kimekwisha, analala. Kinachomwamsha ni maji. Mvua ikilowesha bua, anakunywa, anageuka pupa (mdudu aliyejifunga kabla ya kuota mabawa), na baada ya wiki kadhaa anatoka nondo usiku. Wakati huo mahindi yenu yana majani machache tu. Nondo anaficha mayai pale jani linapokumbatia shina. Baadaye mnaona jani la katikati limenyauka. Ukilivuta linachomoka lote mkononi. Mvua ileile uliyoingoja ili upande ndiyo aliyoingoja yeye.

Sasa tuulizane kuhusu hali ya hewa, maana kila mmoja hapa amenilalamikia mvua zisizojulikana. Ikinyesha kubwa katikati ya Januari halafu jua likarudi, baadhi ya bungua huamka. Nondo wakitoka na hakuna mahindi popote, ni hasara yao. Lakini pakiwa na mahindi ya kumwagilia kule bondeni kando ya kijito, au yale yaliyojiotea karibu na ghala, hapo ndipo wanapovukia hadi msimu wa Machi. Nawaomba sana mwangalie hayo mahindi machache ya kiangazi. Yapasueni, myakague.

Viwavijeshi vamizi, waliogunduliwa Afrika mwaka 2016, ni habari nyingine. Wao hawajui kulala kabisa. Kwao Marekani, baridi huwaua karibu kote isipokuwa kusini mwa Florida na Texas, na kila mwaka huruka upya kwenda kaskazini. Hapa hakuna baridi ya kuwaua. Wanahitaji tu jani bichi mwaka mzima. Mvua kubwa huwapunguza, kwani viwavi wachanga husombwa au huzama ndani ya moyo wa mhindi.

Kwa wenye kahawa nitasema machache. Yule mdudu mweusi mdogo atoboaye buni hujificha kiangazi ndani ya matunda yaliyobaki mtini na yaliyoanguka chini. Mvua zikirudi, hutoka kwa pamoja kutafuta buni changa. Hakui vizuri pakiwa na ubaridi wa chini ya nyuzi 15 hivi, ndiyo maana wazee wa juu mlimani hawakumjua sana. Joto likipanda, naye atapanda mlima. Okoteni matunda yote, hata kama ni kazi ya kuchosha.

Nirudi kwenye bua, kwa sababu hili limeniuma. Nyumbani kwetu mama alikuwa akisimamisha mabua kando ya zizi, yameegemezwa vizuri kivulini, chakula cha ng'ombe. Kila mwaka mistari ya mahindi iliyo karibu na zizi ndiyo iliyoliwa kwanza. Tulidhani udongo wa pale una ubaya. Tulihamisha mbegu, tukaongeza samadi. Kumbe tulikuwa tumewajengea bungua nyumba ya kulala. Bua lililosimama kivulini halipati joto la kutosha ndani kumdhuru. Bua lililolazwa chini juani, moja moja, bila kurundikwa, linapata moto wa mchana kutwa, na wengi waliomo hufa. Jua hilo tunalo bure, sasa hivi, kabla ya mvua.

Sisemi mchome shamba zima. Miteremko hii inahitaji kufunikwa, na ng'ombe wanahitaji kula. Yale ya ng'ombe yalazeni juani kwanza, wiki nne hivi, kisha myakatekate na kuyahifadhi.

Mzee, chukua nusu hii ya bua, mpitishie jirani yako. Na nyinyi mlioketi nyuma, kuna rundo pale mlangoni na visu vitatu. Pasueni kila mmoja mabua matano, mniambie mmekuta wangapi, kisha tutaendelea na maswali.