Na mke wa Ayubu je?

Wachungaji, mapadre, masista, shehe wetu uliyeitikia mwaliko, na ninyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa: poleni na kazi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana limenifunza kuliko kozi zote.

Miaka mingi iliyopita niliitwa wodini kwa mama aliyefiwa na mtoto alfajiri ile. Nilimkuta amezikunja nguo za mtoto na kuzipakata. Nikavuta stuli, nikafungua Ayubu sura ya kwanza: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mchungaji, na mke wa Ayubu je? Wale watoto kumi si alizaa yeye?"

Sikuwa na jibu. Niliomba harakaharaka, na nadhani Amina niliisemea mlangoni.

Usiku ule nikakisoma kitabu chote nikimtafuta yule mke. Ana mstari mmoja tu, ule wa kumwambia mumewe amkufuru Mungu afe, na kwa mstari huo tumemchapa mimbarini miaka nenda rudi. Hakuna anayempa pole. Mwishoni Ayubu anapata tena wana saba na mabinti watatu, na aliyewazaa hatajwi. Kisa hicho nilikihubiri mara sijui ngapi bila kuliona hilo. Aliyeliona ni mtu ambaye maziwa yalikuwa bado yanamlowesha blauzi.

Sasa, mnaosomea ushauri nasaha mtakutana na tiba simulizi, ushauri unaomsaidia mtu kukisimulia upya kisa cha maisha yake. Walioiasisi, miaka ya 1980, ni Michael White wa Adelaide, Australia, na David Epston wa Auckland, New Zealand. Neno lao kuu: mtu si tatizo, tatizo ndilo tatizo. Wanafunzi wangu huliona geni. Lakini hebu jisikilizeni. Mswahili huingiwa na hofu, hushikwa na huzuni, mawazo humzidi. Hofu kwetu ni mgeni aliyeingia ndani, na aliyeingia ana mlango alioingilia. Basi tunaweza kumwuliza mtu: iliingia lini? Tangu iingie, imekunyima nini? Kuna siku ilibisha hodi ukaiacha nje? Lugha imeshatufanyia nusu ya kazi.

Visa vya dini navyo vinataka kuulizwa hivyohivyo. Sisi tumevigeuza vidonge: huyu kafiwa, mpe Ayubu, huyu hajapata mtoto, mpe Hana, kimoja kutwa mara tatu. Kituo cha Ujamaa cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kule Pietermaritzburg, Afrika Kusini (naam, jina ni letu), wamekuwa wakisoma na wanawake kisa cha Tamari binti Daudi, kile kinachorukwa makanisani, na kazi ya kiongozi ni kuuliza maswali. Tamari alisema nini? Nani alimsikia? Ukisoma hivyo, unalikuta lile neno la Absalomu kwa dada yake aliyetoka kubakwa: nyamaza. Aliyewahi kuambiwa neno hilo nyumbani kwao hahitaji mahubiri yangu.

Muuguzi mmoja Mwislamu alinionyesha jambo hili kwa swali moja. Wodini palikuwa na mzee aliyefiwa na kijana wake, na ndugu wanamkatiza, "Usilie, mzee, fanya subira." Dada yule akachuchumaa kando ya kitanda. "Babu, Nabii Yaakubu alipompoteza Yusufu alisema subira njema. Na bado alilia mpaka macho yakawa meupe. Alikosa subira?" Mzee akavua kofia yake, akajifunika nayo uso, akalia.

Mtu akikikataa kisa chako, kiache, usimshindanie. Na akizungumzia kujiua, mwite daktari hapo hapo. Maswali yako yatasubiri.

Yule mama alirudi miezi kadhaa baadaye, kliniki, akanitafuta. Safari hii alitaka yeye tusome, akachagua sura ya mwisho. Tukafika pale ndugu zake Ayubu wanapokuja kula naye nyumbani kwake, kila mmoja na kipande cha fedha na pete ya dhahabu. "Kumbe rambirambi zilimfikia," akasema. "Mkewe hakupelekewa kitu."

Nikamwuliza, "Wewe ungempelekea nini?"

Akafikiri kidogo. "Khanga. Na sukari. Halafu ningekaa naye jikoni, nisimwambie kitu."

Niishie hapo. Naona mikono miwili kule nyuma. Tuanze na Sista.