Mchare Uwekwe Droo Gani?

(Mhadhara uliotolewa Arusha kwa wakulima, walimu na watafiti wanaokusanya dhana za migomba)

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme jinsi ya kupanga dhana tunazokusanya, maana kila anayerudi kutoka kijijini anarudi na kadi mpya yenye dhana aliyoiandika. Nianze na ubishi wa jana. Mama kutoka Marangu alisema mchare ni ndizi ya kupika, ndiyo ya mtori, basi. Kijana wa maabara akasema mchare ni AA, yaani alitaja kundi lake la jeni. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na wote wawili walisema kweli. Tatizo ni kabati letu, linalotaka kila kadi ilale kwenye droo moja.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1753 Linnaeus, yule msomi wa Sweden, aliupa mgomba jina la Musa paradisiaca, na mwaka 1759 akaongeza Musa sapientum. Wa kwanza ni wa ndizi za kupika, wa pili wa ndizi zinazoliwa zikiiva. Tofauti ya jikoni ikafanywa tofauti ya spishi! Leo inajulikana kwamba yote miwili ni chotara, tena ya kundi moja, AAB. Mzuzu wetu nao umo humo.

Mwaka 1955 Simmonds na Shepherd, watafiti wa migomba, walikuja na njia nyingine, na hapa naomba tukae kidogo. Hawakuanza na majina. Walichagua sifa 15 za mgomba, na kila sifa wakaipa alama kuanzia 1, ikifanana na mgomba pori Musa acuminata, hadi 5, ikifanana na Musa balbisiana. Kwa mfano, kata kikonyo cha jani utazame mfereji wake: kwa acuminata umeachama, kwa balbisiana kingo zimekutana. Kazi hiyo mtoto mwenye kisu anaiweza. Jumlisha alama: acuminata mtupu hukaa karibu na 15, balbisiana mtupu karibu na 75, chotara katikati. Ongeza idadi ya seti za kromosomu, A ikiwa seti ya acuminata na B ya balbisiana, unapata AA, AAA, AAB, ABB. Mtu wa Bukoba na mtu wa Ufilipino wasiojuana kabisa, wakijibu maswali yaleyale kuhusu mgomba uleule, watafika mahali pamoja. Kwangu huo ndio mfumo wa nadharia: maswali yaliyokubaliwa kabla majibu hayajaanza kuletwa.

Lakini mfumo huo haujui mtori. Matoke, ndizi za kupika, ni AAA, na Cavendish, ndizi ya kuliwa ikiiva, ni AAA. Niletee Cavendish kutoka soko la Kilombero unaniambia nipike matoke, tutakosana.

Hapo ndipo ninapomhitaji Ranganathan, mwalimu wa hisabati wa India aliyegeuka mkutubi. Mwaka 1933 alichapisha mfumo wake wa kupanga vitabu kwa kuviuliza maswali kadhaa. Baadaye akayafikisha matano: jambo lenyewe ni lipi, linahusu maada gani, linafanywa nini, wapi, lini. Namba ya kitabu inaundwa kwa kuunganisha majibu, kwa hiyo hakuna haja ya kumjengea kila mgeni chumba kabla hajafika.

Kwa kadi zetu napendekeza tuulize: inatumikaje, ni ya kundi gani la jeni, inaitwaje na wapi, inastahimili mnyauko fuzari, ugonjwa unaonyausha migomba, au la. Mchare unajibu yote: kupika, AA, mchare hapa, mshare kule (majina yote yabaki kwenye kadi ileile), mnyauko unaushambulia. Mama wa Marangu na kijana wa maabara wako kwenye kadi moja, wala hakuna aliyewekwa chini ya mwenzake.

Kuhusu kazi ya pamoja sina mengi. Kadi aongeze yeyote, wakati wowote, bila kuomba ruhusa. Swali jipya lisubiri kikao, kwa sababu swali moja likiongezwa kadi zote za nyuma zinabaki na pengo, na lazima mtu azirudie. (Anayependekeza swali awe wa kwanza kushika kalamu. Mapendekezo yatapungua, mtaona.) Jibu lisipojulikana, nafasi iachwe wazi, kubahatisha kunatuharibia kuliko pengo.

Imebaki kadi moja inayonisumbua: kihamba. Kihamba hakina kundi la jeni wala hakinyauki kwa fuzari. Ni shamba, ni ukoo, ni urithi, ni makaburi ya babu. Maswali yetu yalitungwa kwa aina za ndizi, na kukilazimisha kihamba ndani yake itakuwa kurudia ya Linnaeus. Kwa hiyo nimekiweka mezani hapa mbele, pamoja na zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, na kadi nyingine mbili tatu zilizokosa pa kukaa. Kabla ya chakula cha mchana, kila meza iniletee swali moja ambalo kadi hizi zinaweza kulijibu na mchare hauwezi. Yakifanana, tutakaa kikao leo hii. Karibuni, mzee pale nyuma nimeona umenyoosha mkono.