M-Pesa ilijua mamangu anaugua kabla yangu

(Mazungumzo na familia za wazee, ukumbi wa kanisa, Buruburu, Nairobi)

Haya, habari za jioni wazazi wetu, na nyinyi vijana mliowaleta, karibuni, wale wa nyuma sogeeni hii maiki haifiki huko. Leo tunaongea juu ya kusahau kwa uzee na kusahau kwa ugonjwa, na nianze na kujishtaki mwenyewe. Juzi nimeshuka mat pale Ambassadeur nikaacha chenji yangu ya mia mbili kwa makanga, nimefika Kencom ndio nikakumbuka, nikajitukana hapo barabarani kama mtu amerogwa. Sasa hiyo si ugonjwa, hiyo ni Nairobi, akili ilikuwa kwa mambo kumi. Lakini shikeni hapo niliposema nilikumbuka, tutarudi.

Mtu akizeeka ubongo unapunguza spidi. Jina la jirani linakataa kutoka, unabaki "yule, yule wa duka", halafu saa tisa usiku linakuja lenyewe bila kuitwa. Ama mtu akikushtua kidogo, "si ulikutana naye kwa ile harusi", unasema ala, kumbe! Maana kitu kiko ndani, shida ni kukitoa. Kwa dimenshia, huo ugonjwa wa ubongo unaomaliza kumbukumbu na akili polepole, na hasa ile aina inaitwa Alzheimer ambayo ndiyo asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote, mara nyingi ugonjwa unaanza na ile sehemu ya ubongo inayorekodi mambo mapya. Haikurekodi. Sasa utamkumbusha nini? Unamwambia mzee si leo asubuhi tulienda kliniki, anakuangalia kama umemtungia uongo, na si kiburi jameni, kwake hiyo asubuhi haikuwepo.

Hapo ndipo familia nyingi zinadanganyika. Wananiambia "Sista, baba hawezi kuwa na hiyo kitu, anakumbuka Emergency ya wakoloni ya 1952 mpaka sura ya askari aliyemchapa." Eeh, atakumbuka, hayo ya zamani ndiyo hukaa mpaka mwisho. Muulize jana nani alimtembelea.

Wacha niwaambie ya mamangu, na yeye mwenyewe akiwa na nguvu alinipa ruhusa. Mimi ni nesi, miaka zaidi ya ishirini kwa wodi. Mamangu alikuwa mwekahazina wa chama tangu nikiwa primari, kitabu chake hakikuwahi kupotea hata shilingi. Halafu akaanza kudai wamama mia tano na wameshatoa. Mmoja analia, mwingine amenuna, maneno ya wizi yakaanza chinichini, na mimi nikasema ni uzee tu, nikamwambia mama waachie wengine hiyo kazi upumzike. Siku moja nikachukua simu yake nimuwekee kredo, nikaona mesej za M-Pesa. Pesa ya maziwa, mtu mmoja, siku moja, mara tatu. Nikapanda juu, mwezi uliopita vilevile, na ule mwingine, zimepangwa hapo na tarehe na saa kama faili ya hospitali. Simu ilijua kabla yangu, na nesi ni mimi.

Kwa hivyo mimi siku hizi naangalia pesa kwanza, kwa sababu pesa inataka uhesabu, upange na ukumbuke, vyote pamoja, na kimoja kikiyumba inaonekana. Kusahau pini mara moja si kitu, yangu nimebadilisha sijui mara ngapi. Nashtuka nikisikia mama amepika githeri miaka hamsini na leo amesimama mbele ya sufuria hajui nini inafuata. Ama mzee wa hapa Buru, amepanda mat namba 58 tangu hizi nyumba zijengwe, na leo ako tao anauliza watu mat za kwao ziko wapi. Simu inapatikana ndani ya mkebe wa unga, na yeye anaapa msichana wa kazi ameiba, na wasichana wangapi wamefukuzwa hii Nairobi kwa sababu hiyo, Mungu ndiye anajua. Kuna pia yule anaacha kwaya, anaacha chama, anasema amechoka na watu, kumbe anaficha aibu.

Kitu kingine, angalieni nani analalamika. Yule anakuja peke yake, "sista nasahau sana", na ananipa mifano minne na siku ilipotokea, mara nyingi huyo simuogopi sana, ingawa nitampima. Yule familia yote imeshika vichwa na yeye anasema ako sawa kabisa, huyo ndiye nataka. Na tafadhali usimpime mzee wako na mzee wa jirani. Mpime na yeye mwenyewe wa miaka mitano iliyopita.

Ndio mama, wewe wa leso ya kijani. Shosho alikuwa sawa Jumapili, Jumanne anaongea na watu hawako? Hapana, dimenshia kwa kawaida haiji mbio hivyo, inaingia polepole kwa miezi na miaka. Ya siku mbili inaweza kuwa infekshen ya mkojo ama ya kifua, maji yamepungua mwilini, sukari imeshuka, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo usingoje kesho.

Na ndio maana nakataa hii maneno ya "ni uzee". Kuna mtu aliteleza bafuni akagonga kichwa, wiki kadhaa baadaye anachanganyikiwa, kupigwa skani ni damu imekaa juu ya ubongo, ikatolewa, mzee akarudi. Kuna tairoidi, ile tezi ya shingoni, ikiharibika. Kuna vitamini B12, na wale wa sukari wanaomeza metformin miaka mingi inaweza kushuka. Kuna huzuni ya kuzika bwana. Kuna dawa zenyewe, hizi za usingizi, hata Piriton ya mafua, kwa mzee zinachanganya akili. Alzheimer haina tiba ya kuiondoa, lakini hizi nyingi zinatibika, utajuaje bila kupima?

Ya uchawi nitasema kidogo kwa sababu inaniumiza. Wazee wameuawa Kilifi na Kisii wakiitwa wachawi. Kutembea usiku, kuongea peke yake, kupatikana kwa boma ya watu na hajui alifikaje, nikisikia hayo mashtaka naona ni kama nasoma chati ya mgonjwa wangu.

Swali la mwisho, mzee wangu. "Na kama ni mimi mwenyewe naanza?" Asante kwa kuuliza mbele ya watu. Njoo na mtu mnaishi naye, si yule wa kupiga simu Krismasi. Yeye aandike vitu ameona na tarehe. Beba dawa zako zote, hata za kienyeji, weka kwa kiondo kwa sababu karatasi za plastiki tulinyang'anywa 2017. Utaambiwa maneno matatu uyarudishe baadaye, uchore saa na mishale yake, utolewe damu, presha na masikio yaangaliwe, kwa sababu kuna watu tunadhani wamesahau na kumbe hawakusikia. Na hiyo simu yako usifute mesej.