Anzeni na Kemia

Haya, tuketi. Kwamba udaktari ni wito mmeshaambiwa vya kutosha, sirudii. Leo tuhesabu mihula ya chuo, kwa ninyi mnaotaka shule ya udaktari Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza.

Binti mmoja alikuja ofisini kwangu mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Alikunjua karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, akailaza mezani. Biolojia alikuwa na A, hesabu A. Kemia? "Mwaka wa kwanza niliiacha, mwalimu. Niliambiwa ni ngumu, nizoee chuo kwanza." Nikashika penseli, nikamchorea visanduku vitano: kemia ya jumla ya kwanza na ya pili, kemia ya kaboni ya kwanza na ya pili, kisha biokemia. Huwezi kusoma viwili kwa muhula mmoja, kwa sababu hupokelewi kwenye kozi inayofuata hujafaulu iliyotangulia. Nikamwambia ahesabu. Aliyeanza muhula wa 1 hufika biokemia muhula wa 5. Yeye alianza wa 3. Kidole chake kikatembea, kikasimama kwenye muhula wa 7, na hapo akanyamaza.

Alinyamaza kwa sababu anayetaka kuunganisha moja kwa moja baada ya shahada hutuma maombi mwaka wa tatu unapoisha, Mei au Juni, mwaka mzima kabla ya kuanza udaktari. MCAT, mtihani wa kuingia shule ya udaktari, inabidi awe ameshaufanya au anakaribia, na tangu 2015 mtihani huo una biokemia. Biokemia yake ilikuwa bado mbele! Ikambidi asubiri mwaka mmoja zaidi. Binti mwenye akili na bidii, kisa ushauri wa "uzoee chuo kwanza". Jambo hili linaniuma, na kila mwaka naliona tena.

Mtaniambia: si kuna kiangazi? Kipo. Lakini kemia ya kaboni ya mwaka mzima ukiishindilia kwenye wiki chache, maabara kila siku, C haiko mbali. Wala usiseme utarudia. AMCAS, mfumo ambao shule nyingi za udaktari za Marekani hupokelea maombi, huhesabu alama zote mbili, ya kwanza na ya marudio.

Mwingine ataniuliza kama ni lazima asomee biolojia. Hapana. Soma historia, soma muziki, ukipenda. Shule hazidai shahada fulani, zinaangalia kozi zilizotangulia. Tena mwenye shahada ya muziki ndiye anayepaswa kuwahi kemia kuliko wote, maana shahada yake haitamkumbusha.

Muda unaniishia. Fizikia ni mwaka mzima pamoja na maabara, msiiache ikagongana na MCAT. Saikolojia na sosholojia zimo kwenye mtihani, muhula mmoja mmoja unatosha. Waliohesabiwa kozi za chuo kwa AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, tazameni shule moja moja, zipo zisizoyakubali.

Sasa toeni karatasi. Chora mihula minane, andika kemia kwanza, kisha niletee hapa mbele nione.