Siku ya Kwanza Isiwe na Mechi

Walimu wangu, makocha, na wazazi mliofika, asanteni. Mlionisikia mwaka jana mnajua naelekea wapi, kwamba siku ya kwanza ya mashindano yetu ya netiboli isiwe na mechi, na nitaelekea huko huko maana bado hatujaelewana. Mashindano ya vijana siyo mnada wa wachezaji! Tunawashusha watoto kwenye basi, bibu, filimbi, mechi, aliyefungwa anarudi nyumbani analia, sisi watu wazima tunabaki tunaandika majina ya waliochaguliwa. Halafu tunashangaa mabinti wakifika kidato cha tatu wameshaacha netiboli.

Nilipokuwa naishi Hamilton, Nyuzilandi, nilikuwa najitolea kukaa mezani kuandika magoli kwenye netiboli ya vijana wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi ile. Kulikuwa na binti mmoja wa miaka 13, anacheza WD, yaani mlinzi wa pembeni, jina silitaji. Mtoto wa mjini. Na hapa lazima muelewe kitu, mwaka 1945 karibu robo tatu ya Wamaori walikuwa vijijini, kufika miaka ya 80 karibu asilimia 80 wako mijini, wamefuata kazi, na mabibi zao shuleni walichapwa viboko kwa kuongea Kimaori. Lugha yenyewe imekuja kuwa rasmi 1987. Kwa hiyo mtoto anaweza kukua anajua yeye ni Mmaori ila mto wa kwao hajawahi kuutia macho.

Sasa siku ya kwanza ya mashindano yao hapakuwa na mechi. Nasema tena, hapakuwa na mechi hata moja. Mama wa upande wa wenyeji anaita kwa sauti ndefu, mama wa upande wa wageni anaitikia, timu inatembea taratibu nyuma yake, zinafuata hotuba, na kila hotuba inafungwa kwa wimbo, watoto wote wanasimama kumuimbia mzee wao aliyeongea, halafu mnasalimiana pua kwa pua, halafu chakula. Usiku wanalala ukumbi mmoja kwenye magodoro. Hapo kocha akasema kila mchezaji asimame ajitambulishe kwa utaratibu wao: mlima wetu ni huu, mto wetu huu, mtumbwi uliowaleta wazee wetu huu, kabila, ukumbi wa ukoo, na mwisho kabisa ndiyo jina lako. Jina linakuja mwisho!

Yule binti akasimama, akataja mlima, akakwama kwenye mto. Mimi nikajua kocha atamwambia kaa chini, maana ndivyo tungefanya sisi. Kocha hakusema kitu, akasubiri. Kutoka nyuma bibi mmoja, wala siyo bibi yake, akautaja ule mto, akamtaja na mama mzaa babu yake, akasema yule alikuwa jirani yetu, mikono yake mirefu hivyo hivyo kama wewe. Binti akaanza upya toka mlimani mpaka jina lake, na wenzake wakainuka wakamuimbia kama walivyowaimbia wazee mchana.

Asubuhi refa anapita kukagua kucha, mnajua kwenye netiboli kucha ikizidi ncha ya kidole inakatwa pale pale, na mapambo hayaruhusiwi. Binti alikuwa na kidani cha pounamu shingoni, lile jiwe la kijani la kwao. Akakivua, akapita watu wote hadi kwa bibi wa jana, bibi akakivaa yeye. King'ora kikalia mara moja, viwanja vyote vikaanza pamoja. WA, mshambuliaji wa pembeni ambaye binti alikuwa anamkaba, alikuwa amemzidi binti kichwa kizima. Robo ya kwanza filimbi zote zake, anamsogelea sana mwenye mpira, na sheria inataka sentimita 90. Robo ya tatu akatulia, anarudi nyuma kidogo, mikono juu, anaacha zile sekunde 3 za kukaa na mpira zimbane mwenzake, huku anampigia kelele GD wake, mlinzi wa goli, ajipange, na mtoto huyo huyo jana usiku sauti ilikuwa haitoki! Walifungwa. Akaenda kuchukua kidani chake, akakaa pale na bibi, wakala.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mwalimu, nyimbo hazifungi magoli. Nimeambiwa hili mpaka nimechoka. Sijasema wimbo unaleta kombe. Ila angalieni, 2018 Nyuzilandi walitoka Michezo ya Jumuiya ya Madola bila medali ya netiboli kwa mara ya kwanza, timu akapewa kocha Noeline Taurua, mama wa Kimaori wa kabila la Ngāpuhi, na 2019 kule Liverpool wakaifunga Australia 52 kwa 51 fainali ya Kombe la Dunia. Kabla yake Waimarama Taumaunu, Mmaori pia, alikuwa nahodha wa taifa na baadaye kocha wa taifa. Kwa hiyo msiniambie mtoto akifundishwa anakotoka anapungua makali.

Mwingine atasema sisi siyo Wamaori. Sawa kabisa, na haka, ile ngoma yao ya kukanyaga na kupaza sauti, ni ya kwao, siombi tuiige. Lakini nani hapa hana kwao? Mtoto gani hapa hana bibi, hana mto, hana wimbo wa nyumbani? Tunao wote, ila kwenye ratiba yetu hawana hata nusu saa.

Nilitaka niongelee na vijana wadogo kufundishwa urefa, na timu pinzani kula meza moja, ila mwenyekiti ananionyesha saa, basi tuyaache. Ratiba ya mwaka huu bado ni rasimu. Naomba iandikwe kwenye muhtasari: siku ya kwanza hakuna mechi, na kila timu ije na bibi au mama mmoja analipiwa nauli na chakula kama kocha msaidizi. Mkisema hela haitoshi, zikatwe posho zetu sisi viongozi, waanze na yangu. Haya, maswali.